Kutoka Picha Hadi Oda: Msimbo Unaomfaa Mfanyabiashara wa Mtandaoni

Ukurasa wa biashara katika Instagram, Facebook au TikTok una sehemu ambazo mwenye duka hawezi kuzigusa, na sehemu chache anazoweza kuzijenga kwa mkono wake. Mpangilio wa picha, rangi ya vitufe, nani aonyeshwe chapisho na nani asionyeshwe, yote hayo huamuliwa na kampuni inayomiliki mtandao, na mtu wa nje hawezi kuyabadilisha. Kinachobaki mikononi mwa mwenye duka ni kiungo kilichowekwa kwenye wasifu, ukurasa unaofunguka mteja anapokibonyeza, na namna kiungo hicho kinavyoonekana kinapotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Ni sehemu ndogo, lakini mara nyingi ndiyo inayoamua kama mtu aliyevutiwa na picha atanunua au atapita.

Msimbo ni maelekezo yaliyoandikwa kwa utaratibu maalumu ili kompyuta iyafuate. Muuza vitenge, mpika keki au muuza vipuri vya bodaboda hahitaji kuujua kama mhandisi wa programu anavyoujua. Anahitaji kiasi kinachogusa duka lake, na kiasi hicho kinaweza kujifunzwa kwa simu janja na bando la kawaida.

Njia anayopita mteja

Biashara nyingi za mtandaoni Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa na Nairobi huenda kwa mtindo unaofanana. Picha ya mzigo mpya hupandishwa. Mteja huandika kwenye maoni, "Bei?" Hujibiwa, "Njoo DM." Akifika huko husubiri, kisha huulizwa anataka rangi gani, yupo wapi, atumiwe na boda au atafuata mwenyewe, ndipo apewe namba ya kulipia. Katika kila hatua wapo wanaochoka na kuondoka. Aliyeuliza saa tatu usiku akajibiwa kesho yake asubuhi huenda ameshanunua kwingine.

Kwa hiyo kila somo la msimbo lipimwe kwa swali moja: linampunguzia mteja hatua gani? Somo lisilopunguza hatua yoyote linaweza kusubiri.

Kipimo hicho pia huonyesha mambo ambayo hayahitaji msimbo kabisa. WhatsApp Business, programu iliyozinduliwa mwaka 2018, ina orodha ya bidhaa yenye picha na bei, ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe, na majibu ya haraka yaliyoandaliwa mapema. Instagram tangu mwaka 2023 inaruhusu hadi viungo 5 kwenye wasifu, na tangu 2021 kila akaunti inaweza kubandika kiungo kwenye stori. Mwenye duka aanze kwa kuvitumia vyote hivyo. Msimbo unaingia pale ambapo vifaa vya bure vimefika mwisho.

Kiungo kinachofungua mazungumzo

Somo la kwanza ni mstari mmoja tu. WhatsApp imetoa anwani fupi inayoanza na wa.me, ambayo ikibonyezwa hufungua mazungumzo na muuzaji bila mteja kuhifadhi namba. Kwa duka la Tanzania huandikwa hivi, herufi X zikishika nafasi ya tarakimu za simu:

https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari%2C%20naulizia%20kitenge%20namba%2014

Mambo matatu katika mstari huo hukosewa mara kwa mara. Kwanza, namba huanza na msimbo wa nchi, 255 kwa Tanzania au 254 kwa Kenya, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Anayeandika 2550 na kuendelea ataona ujumbe kwamba namba hiyo haipo WhatsApp. Pili, baada ya alama ya kuuliza yanafuata maneno yatakayokuwa yameshaandikwa kwenye kisanduku cha mteja. Yeye kazi yake ni kubonyeza kutuma. Tatu, anwani ya intaneti haipokei nafasi tupu, hivyo nafasi kati ya maneno huandikwa %20, na mkato huandikwa %2C. Alama ya & nayo isiwekwe ndani ya ujumbe ilivyo, kwa kuwa itasomwa kama mwanzo wa maelekezo mengine; huandikwa %26.

Faida yake huonekana pale kila bidhaa inapopewa namba na kiungo chake. Mteja wa kitenge namba 14 anaingia akiwa ameshataja anachokitaka, na muuzaji halazimiki kuuliza "Kipi hicho?" na kungoja atumiwe picha. Tatizo ni kwamba viungo vilivyoandikwa kwenye maelezo ya chini ya picha za Instagram havifunguki kwa kubonyezwa. Vinahitaji mahali pa kukaa, yaani ukurasa wenye bidhaa zote, ambao kiungo chake kimoja kinawekwa kwenye wasifu.

Ukurasa wa kwanza

Kurasa za wavuti huandikwa kwa HTML, lugha iliyoasisiwa na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva. Tovuti ya kwanza ilifunguliwa kwa umma mwaka 1991, na Aprili 1993 CERN ilitangaza kuwa teknolojia hiyo ni ya watu wote bila malipo. Kwa sababu hiyo hadi leo hakuna leseni wala ada ya kuandika HTML. Faili lake ni maandishi ya kawaida, linaweza kuandikwa kwa Notepad kwenye kompyuta au kwa programu za kuandikia msimbo zilizopo kwa simu za Android, kisha likafunguliwa na kivinjari chochote.

HTML hufanya kazi kwa alama zinazofungua na kufunga. Alama ya h1 hubeba kichwa kikuu, p hubeba aya, img huleta picha, na a hutengeneza kiungo. Kitufe cha kuagizia kitenge huandikwa hivi:

<a href="https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Naagiza%20kitenge%20namba%2014">Agiza kitenge namba 14</a>

Kilichomo ndani ya alama za kunukuu ni mahali mteja anakopelekwa. Kilichopo kati ya alama ya kufungua na ya kufunga ndicho anachokiona. Anayeuelewa mstari huu anaweza kuunakili mara ishirini, akabadilisha namba na jina, akawa na orodha ya bidhaa ishirini. Kabla ya kila kitufe huwekwa picha, jina la bidhaa, kipimo na bei. Kipimo kitajwe kwa lugha ya soko: kitenge ni pisi ya yadi sita au kipande, khanga ni doti au upande. Bei iandikwe wazi, ya rejareja na ya jumla, na idadi inayomfanya mteja ahesabiwe wa jumla.

Alama ya img ina nafasi iitwayo alt, ambayo ni maelezo ya picha kwa maneno. Wengi huiacha tupu. Maelezo hayo husomwa kwa sauti na simu ya mtu asiyeona, hutokea kwenye kioo picha ikishindwa kufunguka, na huisaidia mitambo ya utafutaji kujua picha inaonyesha nini. "Kitenge cha bluu chenye maua ya njano, yadi sita" yanatosha. "Picha1" hayamsaidii mtu yeyote.

Mwonekano kwenye kioo cha simu

HTML hupanga yaliyomo, na CSS huyapa sura. Lugha hii ilipendekezwa na Håkon Wium Lie wa Norwei mwaka 1994, na toleo lake la kwanza likapitishwa rasmi mwaka 1996. Sheria ya CSS husema alama fulani ipewe rangi fulani, ukubwa fulani na nafasi fulani pembeni. Rangi hutajwa kwa alama ya # na tarakimu au herufi sita: #000000 ni nyeusi, #FFFFFF ni nyeupe, na kijani cha WhatsApp ni #25D366. Duka lenye rangi zake kwenye nembo na mifuko liandike rangi hizohizo kwenye ukurasa, ili mteja anayetoka Instagram ajue kwamba bado yuko kwenye duka lilelile.

Maagizo mawili hayafai kukosekana. La kwanza ni viewport, mstari unaowekwa kwenye kichwa cha faili ili kuiambia simu ionyeshe ukurasa kwa upana wa kioo chake. Bila mstari huo simu huuchora ukurasa kama wa kompyuta kisha kuusinyaza, na maandishi yakawa madogo kiasi cha kumlazimu mteja kuyavuta kwa vidole. La pili ni ukubwa wa vitufe. Miongozo ya Android inapendekeza eneo la kubonyezwa lisipungue vipimo 48 kwa 48, ili kidole gumba kisiguse kitufe cha jirani. Muuzaji aujaribu ukurasa wake kwa simu ya bei nafuu yenye kioo kidogo, na aufungue akiwa juani, maana ndivyo wateja wake wengi watakavyousoma.

Sura ya kiungo kinaposambazwa

Kiungo kikitumwa WhatsApp au Facebook, wakati mwingine hutokea kisanduku chenye picha, kichwa na maelezo mafupi, na wakati mwingine hutokea anwani tupu. Tofauti hiyo hutokana na alama chache zinazoitwa Open Graph, zilizoanzishwa na Facebook mwaka 2010. Kwenye kichwa cha faili huwekwa og:title kwa ajili ya jina, og:description kwa maelezo, og:image kwa picha, og:url kwa anwani kamili na og:type kwa aina ya ukurasa. Mtandao wa kijamii unapopokea kiungo hukimbilia kusoma alama hizo kwanza.

Hapa ndipo kazi ndogo ya msimbo inapoonekana wazi kwenye mtandao wenyewe. Ukurasa usio na alama hizo unaposambazwa kwenye makundi ya vikoba, ya wazazi wa shule au ya kamati ya harusi, unaonekana kama kiungo cha matapeli, na watu wameshazoea kuonywa wasibonyeze viungo wasivyovijua. Ukurasa wenye alama hizo unafika ukiwa na picha ya bidhaa, jina la duka na maneno kama "Vitenge vya jumla na rejareja, tunatuma mikoani."

Facebook inapendekeza picha ya og:image iwe na upana wa pikseli 1200 na urefu wa pikseli 630. Anwani ya picha iandikwe kamili kuanzia https, kwa kuwa jina la faili peke yake halitoshi. Mwenye duka akibadilisha picha halafu akaona ya zamani inaendelea kutokea, ajue kwamba mtandao umehifadhi nakala. Facebook ina kifaa cha bure kiitwacho Sharing Debugger: anwani ikiingizwa humo, mtandao unaweza kuagizwa kuusoma ukurasa upya.

Uzito wa picha na bando la mteja

Kamera ya simu ya megapikseli 12 hutoa picha yenye pikseli kama 4000 kwa 3000, na faili lake huweza kufika MB 4. Bidhaa ishirini zikipandishwa zilivyo, ukurasa mmoja unakuwa na MB 80. Mteja aliyenunua bando dogo la siku hatamaliza kuufungua, na hana sababu ya kulipia uzembe wa muuzaji.

Picha ileile ikipunguzwa hadi pikseli 1080 kwa 810 inabaki na pikseli chini ya sehemu moja ya kumi na tatu ya zile za awali, na kwenye kioo cha simu bado ni safi. Kupunguza hufanywa na programu za bure za picha. Kwenye msimbo huongezwa neno moja katika alama ya img, loading="lazy", linaloagiza picha za chini zisishushwe hadi mteja atakapokaribia kuzifikia.

Hesabu inayojifanya yenyewe

JavaScript iliandikwa na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape mwaka 1995, na ndiyo lugha inayoufanya ukurasa utende jambo. Kwa duka dogo kazi yake ya kwanza yenye faida ni kujumlisha. Mteja anachagua pisi tatu za shilingi 25,000, anachagua kutumiwa kwa shilingi 5,000, na ukurasa unamwonyesha shilingi 80,000 kabla hajaandika neno lolote kwa muuzaji. Hesabu hiyo ikiunganishwa na kiungo cha wa.me, ujumbe unaofika dukani unakuwa na bidhaa, idadi, mahali na jumla.

Kuna mtego unaowanasa karibu wanafunzi wote wa lugha hii. Kinachoandikwa kwenye kisanduku cha ukurasa huchukuliwa kuwa maandishi, hata kama ni tarakimu. Alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi huyaunganisha badala ya kuyajumlisha. Hivyo 75,000 ikijumlishwa na "5000" iliyotoka kwenye kisanduku, jibu linakuwa 750005000, na mteja anadaiwa zaidi ya shilingi milioni 750 kwa pisi tatu za kitenge. Dawa yake ni kukibadilisha kilichoandikwa kuwa namba kwa agizo la Number kabla ya hesabu. Mfano huu pia unafundisha tabia ya kazi: kila hesabu ijaribiwe kwa kalamu na karatasi kabla ukurasa haujafunguliwa kwa wateja.

Kujua mteja ametoka wapi

Muuzaji anayelipia matangazo Instagram na kupandisha video TikTok anahitaji kujua ni wapi panapoleta oda. Njia iliyozoeleka ni kuongeza maneno mwishoni mwa anwani, kama ?utm_source=tiktok, ambayo husomwa na programu ya takwimu iliyowekwa kwenye ukurasa. Herufi utm zimetokana na Urchin, kampuni iliyonunuliwa na Google mwaka 2005.

Duka lisilo na programu ya takwimu linaweza kupata jibu hilohilo kwa kiungo cha wa.me. Kiungo cha TikTok kinapewa maneno "Habari, nimewaona TikTok", cha Facebook kinapewa yake, na cha kwenye karatasi iliyobandikwa dukani kinapewa yake. Jumamosi jioni ujumbe unahesabiwa kwenye daftari. Pesa ya matangazo ya wiki inayofuata inapelekwa kunakoonekana matunda.

Kuuweka ukurasa hewani

Faili lililo kwenye simu linaonwa na mwenye simu peke yake. Ili wengine waione kazi hiyo linahitaji kuwekwa kwenye seva. GitHub Pages hupokea kurasa za HTML bila malipo na ni uwanja mzuri wa mazoezi, lakini masharti yake hayaruhusu kuitumia kuendeshea duka. Kwa biashara, Netlify na Cloudflare Pages zina ngazi za bure zinazotosha ukurasa mdogo. Baadaye duka linaweza kusajili jina lake lenyewe, linaloishia na .co.tz au .co.ke, kwa ada ya mwaka. Jina hilo lina thamani ya pekee: akaunti ya mtandao wa kijamii ikifungwa au kuibwa, anwani iliyochapishwa kwenye mifuko na kadi inabaki mali ya duka, na wateja wana pa kulipata.

Usalama na sheria

Ukurasa wa HTML husomeka na yeyote anayetaka kuona msimbo wake. Kwa hiyo nywila, funguo za siri za huduma za malipo na orodha ya namba za wateja visiandikwe humo hata kwa muda. Lipa Namba, yaani namba ya kulipia duka kwa simu, inaweza kuwekwa wazi, ikiambatana na jina la biashara lililosajiliwa, ili mlipaji alilinganishe na jina linalotokea kwenye simu yake kabla ya kuthibitisha muamala. Programu zinazoomba nywila ya Instagram kwa ahadi ya kuongeza wafuasi zikataliwe moja kwa moja. Ndizo njia ya kawaida ya akaunti kuibwa. Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe kwenye kila akaunti ya duka.

Anayekusanya majina, namba na mahali wanapoishi wateja anaguswa na sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Msingi wa sheria hizo kwa duka dogo ni huu: kukusanya kinachohitajika tu, kukitumia kwa kazi aliyoambiwa mteja, na kutokigawa kwa wengine bila ridhaa yake.

Wapi pa kujifunzia

W3Schools, iliyoanza mwaka 1998, hueleza kila alama kwa mfano unaoweza kuubadilisha na kuona matokeo papo hapo. MDN ni rejea ya kina kwa anayetaka maelezo kamili. freeCodeCamp, taasisi isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa mwaka 2014, ina kozi za mazoezi bila malipo, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Utaratibu unaofaa ni kuanza na kiungo cha wa.me, kisha HTML ya orodha ya bidhaa, kisha alama za Open Graph, kisha CSS, na JavaScript mwisho. Kila hatua inaleta kitu kinachotumika dukani kabla ya kuingia inayofuata.

Programu za akili mnemba sasa zinaweza kuandika ukurasa mzima kwa ombi la sentensi moja. Zinaokoa muda, lakini hazijui bei ya leo, huweza kuweka namba ya simu ya mfano, na hukosea hesabu ya nauli. Anayejua kusoma msimbo atayaona makosa hayo kabla ya mteja, na atayasahihisha bila kumlipa mtu.

Ukurasa ukishakuwa hewani, kazi inayobaki ni ya kila wiki. Bei iliyopanda irekebishwe siku hiyohiyo, bidhaa iliyoisha iondolewe au iandikwe kuwa imeisha, na viungo vyote vibonyezwe kwa simu isiyo ya muuzaji ili kuhakikisha vinafunguka. Mteja aliyeona shilingi 25,000 kwenye ukurasa akaambiwa 30,000 kwenye WhatsApp hatajali kama kosa ni la msimbo au la mtu. Atahesabu kwamba duka halisemi kweli. Uaminifu ndio mtaji wa biashara ya mtandaoni, na elimu ya msingi ya msimbo humpa mwenye duka uwezo wa kuulinda mwenyewe, kwa wakati, bila kumsubiri fundi.